Nyasi za Rweya na Pumba za Kimwani

Kila asubuhi, kabla hata ya kuchana nywele, Alistidia alimpelekea Bibi chai. Safari yenyewe haikuwa ndefu. Alitoka kwa mlango wa nyuma wa nyumba mpya, akapita kati ya migomba na mibuni, akaruka mfereji mdogo, na hapo akaiona nyumba ya msonge ya Bibi Joviana, imejiinamia kama kuku aliyelalia mayai. Moshi ulikuwa ukipenya polepole kwenye nyasi za paa, ishara kwamba Bibi alikwisha kuamka.

"Hodi, Bibi!"

"Pita, mwana wange. Leo umetia sukari, au umeionyesha chai kwa mbali tu?"

"Nimetia, Bibi. Vijiko vimejaa kabisa."

"Wakola, ahsante. Mama yako asisikie."

Siku nyingine Alistidia angecheka mpaka chai imwagike. Lakini asubuhi hiyo ya Desemba macho yake yalikuwa kwenye nguzo ya katikati. Mchwa walikuwa wameila, nayo ilikuwa imelalia upande mmoja. Baba alikuwa ameiegemeza kwa gogo la mgrevilea, akasema kwa sauti ya chini kwamba nyumba ile isingefika masika ikiwa imesimama. Na humo ndimo Bibi alimolala kila siku, na kikohozi chake.

Mtu mgeni pale kijijini Kanazi angeuliza: je, nyumba mpya haina nafasi? Ilikuwa nayo. Chumba cha Bibi kilikuwa tayari, kina kitanda, dirisha kubwa, na msalaba ukutani. Bibi alikwisha kukijaribu. Jua la mchana lilipopiga bati, alitoka nje akijipepea na kumuuliza Baba, "Mwijage mwanangu, mnataka kunilaza au kunipika?" Jioni yake mvua ikashuka. Bibi alikuwa katikati ya rozari, na bati likaanza kupiga ngoma kana kwamba kuna harusi juu ya paa. Alisali, akapotea, akaanza upya, akapotea tena.

"Nimesali Salamu Maria ngapi, hata malaika wameacha kuhesabu," alisema. Akachukua kigoda chake na mwavuli wake, akarudi kwenye msonge. Tangu siku hiyo, akiombwa ahame, alijibu neno moja tu: "Kelele."

Krismasi ilikuwa inakaribia, na Krismasi ya Wahaya hakuna asiyeijua: aliye Dar es Salaam, aliye Mwanza, wote hurudi nyumbani. Alistidia alitamani jambo moja kuliko gauni jipya na kuliko nyama. Alitaka siku hiyo Bibi awe amelala chini ya paa lisilotishia kumwangukia.

Baba yake, Ta Mwijage kama watu walivyomwita kwa heshima, naye alitaka hivyohivyo. Alimwita Muhidini, fundi wa dari kutoka mjini Bukoba. Fundi huyo alipanda ngazi, akagonga bati, akagonga mbao, kisha akashuka akijifuta vumbi.

"Ta Mwijage, nitakupigia dari nzuri ya mbao. Joto litapungua, kelele itapungua. Lakini mvua ya huku si mvua ya kubembelezwa. Ukitaka mama asikie rozari yake, juu ya dari tuweke kitu kinachoshika hewa ndani yake, kama blanketi. Mjini yapo ya kiwandani."

Akataja bei yake. Baba akakohoa kumshinda hata Bibi.

"Hakuna cha hapahapa?" aliuliza.

"Kipo! Pumba za mpunga!" Aliyeropoka ni Dastan, binamu yake Alistidia, aliyekuja likizo kutoka Kimwani, wilaya ya Muleba. Alikuwa mvulana mwenye maneno mengi na ndara zisizolingana. "Kwetu kuna mlima wa pumba pale kwenye mashine ya kukoboa. Ni za bure. Ukitaka lori, unapakia lori."

Alistidia hakukubali kushindwa na mgeni. "Pumba ni za kuku," alisema. "Mbona mnatafuta mbali? Paa la Bibi ni la nyasi. Mchana baridi, usiku joto, na mvua haisikiki. Twende rweya, kule kwenye mbuga, tukakate nyasi, tuzilaze juu ya dari. Bibi atakuwa amehama na paa lake!"

Watu wazima wakatazamana. Kisha Baba akampiga begani. "Huyu mtoto ana akili kuliko sisi sote."

Sifa hiyo ilimwingia Alistidia kama chai yenye sukari. Jioni alikuwa amekwisha kuwasimulia wasichana wote kisimani. Dastan naye hakukaa kimya. Wakawekeana ahadi: ambaye wazo lake litashindwa atamenya ndizi zote za Krismasi peke yake. Na ukoo mzima ukija, ndizi za Krismasi si za mchezo. Utomvu wake huganda mikononi, ukabaki mweusi kwa siku nyingi.

Mama yake Alistidia, Mwalimu Annastella, alifundisha sayansi shuleni. Yeye hakusifu wala hakukataa. "Maneno hayazibi bati," alisema. "Tujaribu."

Akawaagiza watengeneze vijisanduku viwili vya mbao, kila kimoja kikiwa na kipande cha bati juu. Chini ya bati la kwanza Alistidia alilaza nyasi kavu. Chini ya bati la pili Dastan alijaza pumba alizoomba kwa jirani mfuga kuku. Ndani ya kila kijisanduku wakaweka kisahani chenye donge la mafuta ya kupikia yaliyoganda. Donge jingine wakaliweka chini ya bati tupu. Jua la mchana lilipowaka, donge la chini ya bati tupu likawa maji. Mawili yale mengine yalibaki yameganda. Wakamwagia mabati maji kwa kopo lenye matundu na kutega masikio: bati tupu lilipiga kelele, na vijisanduku vyote viwili vikanong'ona tu.

"Sare!" Dastan akapiga kelele.

"Bado," alisema Mama. "Hata fundi awe malaika, bati lake litavuja siku moja. Na lisipovuja, hutoa jasho. Hamjaona matone alfajiri chini ya bati la jikoni? Kitakachokaa juu ya kichwa cha Bibi lazima kistahimili unyevu. Jazeni kila kitu kwenye kifuko chake, mkiweke chini ya upenu wa jiko. Kila asubuhi mkinyunyizie maji kidogo. Baada ya wiki mbili tutafungua."

Kabla wiki mbili hazijaisha, Dastan aliitwa kwao kusaidia mavuno. Alifunga begi lake akicheka. "Vifuko nakuachia wewe, Alistidia. Ninakuamini. Lakini mikono yako ninaiona tayari, nyeusi tii!"

Wakati huo Baba na majirani walikuwa wameanza kukata nyasi rweya. Walizitandaza uani zikakauka, lundo likapanda mpaka usawa wa dirisha. Kila aliyepita aliuliza, na Baba alimjibu kila mmoja: "Ni akili ya binti yangu." Alistidia akawa anatembea kama aliyebeba mtungi kichwani.

Siku ya kufungua vifuko ilipofika, Mama alikuwa shuleni akimalizia kazi zake. Alistidia alikwenda peke yake nyuma ya jiko. Kifuko cha pumba alikimwaga kwenye mkeka. Zilikuwa na unyevunyevu, basi. Jua likazipiga kidogo, zikarudi kama zilivyokuwa. Kisha akafungua kifuko cha nyasi.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Nyasi zilikuwa zimekuwa nyeusi na laini, zimeshikana, na ukungu mweupe umezifunika. Mende wawili wakubwa walichomoka na kukimbia. Alistidia alipoziinua, vumbi la ukungu likampanda puani, akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka.

Alisimama pale, kifuko mkononi. Aliliona lundo uani. Akawaona wasichana wa kisimani wakicheka, na Dastan amekaa kwenye kiti akila ndizi alizomenyewa. Akafikiri pia kwamba nyasi zikikataliwa, Krismasi ingefika Bibi bado yuko kwenye msonge. "Hizi zilimwagiwa maji mengi mno," alijiambia. "Za darini hazitaoza." Upesi akazitupa nyasi zile kwenye migomba, akakung'uta kifuko, akakijaza nyasi mpya kutoka kwenye lundo, akazinyunyizia maji kidogo.

"Vipi vifuko?" Mama aliuliza jioni.

"Vyote vizuri, Mama."

"Hata nyasi?"

"Hata nyasi. Ziangalie."

Mama alizitazama, akashangaa kidogo, lakini akaamini. Angeachaje kumwamini mtoto ambaye hajawahi kumdanganya? Baba akampigia simu Muhidini aje kuanza kazi Jumatatu.

Jumapili, baada ya misa, Alistidia alimpelekea Bibi chakula. Alimkuta ameketi kando ya moto, anatafuna kahawa, zile buni ndogo kavu zilizochemshwa pamoja na majani ya kunukia. Akampa chache kiganjani kama anavyopewa mgeni mkubwa.

"Baba yako amenieleza," Bibi alisema. "Nitahama. Nilimwambia, maneno ya mafundi siyajui, lakini mjukuu wangu akisema kitu ni kizuri, basi ni kizuri. Huyu hajui uongo."

Kahawa ikawa chungu mdomoni mwa Alistidia. Aliangalia juu, kwenye paa. Nyasi za ndani zilikuwa nyeusi na kavu, zinang'aa kwa masizi.

"Bibi," aliuliza, "mbona nyasi zako hazinuki wala hazina mende?"

Bibi akacheka. "Kwa sababu zinavuta moshi kila siku! Nyasi bila moto chini yake ni chakula cha wadudu. Mwaka jana nilipolazwa kwa ajili ya kifua, moto ulizimika humu. Niliporudi, paa linanuka, ukungu kila mahali, na mchwa wamekwisha kuivamia hiyo nguzo. Nikakohoa upya. Daktari akanikataza ukungu na moshi, vyote viwili. Nikamwambia, mwanangu, chagua kimoja, maana ukiuondoa moshi, ukungu unaingia!"

Alicheka tena, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Alistidia alimshika mgongo mpaka kikaisha. Alielewa sasa, na kuelewa huko kulimwogofya. Katika nyumba mpya moto ungekuwa jikoni, mbali. Nyasi zake zingelala gizani juu ya kitanda cha Bibi, zinyweshwe jasho la bati, zioze polepole, na ukungu ule ungemwangukia Bibi kifuani siku baada ya siku.

Jumatatu, Muhidini alikuwa amekwisha kupiga mbao zote za chumba cha Bibi. Nyaya za umeme alizipitisha ndani ya mabomba ili zisigusane na chochote cha kuungua. Baba alimkabidhi mzigo wa kwanza wa nyasi, naye akaanza kupanda ngazi.

"Usiziweke!" Alistidia alipiga kelele. "Fundi, tafadhali, usiziweke. Ziliozea kifukoni. Zilijaa ukungu na mende. Nilizitupa, nikaweka nyingine. Nilisema uongo."

Muhidini akasimama katikati ya ngazi, nyasi kifuani. Baba alivua kofia, akakaa juu ya lundo.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilitaka Bibi ahame kabla ya Krismasi. Na... sikutaka Dastan anishinde. Na nilikwisha kuwaambia watu wote."

"Ungesema nyasi zimeoza, ningepoteza nyasi," Baba alisema. "Kwa kunificha, ungeniponza nimlaze mama yangu chini ya ugonjwa, tena kwa mikono yangu mwenyewe. Unaona tofauti yake?"

Alistidia alitikisa kichwa kukubali. Alilia waziwazi, wala hakujificha.

"Mficha maradhi kifo humfichua," alisema Mama, ambaye alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. "Ashukuriwe Mungu, haya tumeyajua mapema. Lakini Bibi ndiye aliyekuamini kuliko wote. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Njia ile fupi ya migombani siku hiyo ilikuwa ndefu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Umenichoma, mwana wange," alisema kwa upole. "Sikufichi. Lakini ulipanda juu ya aibu yako, ukaikanyaga, ukaja. Wengi hawawezi, hata wazee. Sasa futa uso. Baba yako atahitaji pumba, na pumba haziji kwa machozi."

Hazikuja kwa machozi kweli. Zilikuja kwa lori lililokuwa likipeleka mchele mjini, magunia kwa magunia, na juu ya magunia alikaa Dastan, pumba zimemjaa nywelini.

"Habari za nyasi?" alipiga kelele kabla lori halijasimama.

"Zimeoza," Alistidia alijibu. "Nilikuficha wewe na wengine wote. Nisamehe."

Dastan alikuwa ameandaa maneno mengi ya kumtania njia nzima kutoka Kimwani. Kwa jibu hilo, yote yakamwisha. "Basi... nitakusaidia kushusha," alisema.

Kazi waliyoifanya siku zilizofuata ingemchosha punda. Pumba zilitandazwa kwenye maturubai na kugeuzwa mpaka zikakauka kabisa. Bibi mwenyewe alikuja na ungo wake, akawafundisha kuzipepeta, maana ndani yake zilikuwemo chenga za mchele.

"Panya hana shida na pumba," alisema. "Anatafuta chenga. Acheni chenga humo, halafu mtasikia ngoma nyingine darini!"

Walipepeta mpaka mikono ikawaka. Mawingu yalipotishia, Alistidia ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia maturubai, na hakumngoja mtu amwite. Muhidini alichanganya chokaa kidogo kuwafukuza wadudu, akaongeza boriti ili dari isielemewe, akatandika nailoni, kisha wakazipandisha pumba ndoo kwa ndoo. Kabla ya kufunga sehemu ya mwisho, Baba alimwita Alistidia kwenye ngazi.

"Panda ukague. Kisha uniambie ulichokiona."

Alistidia alipanda, akapeleka taa kila pembe. "Pembe ya mashariki pumba ni chache, Baba. Na msumari mmoja wa bati unapitisha mwanga."

Muhidini akacheka kwa aibu, akaziba tundu, akaongeza pumba. Baba aliishika ngazi kwa nguvu mpaka binti yake aliposhuka.

Krismasi ilifika, na ukoo ukafika pamoja nayo. Tangu alfajiri Alistidia alikaa kwenye kigoda akimenya ndizi. Lundo halikupungua, mikono ikawa myeusi tii, na wajomba wote wakaelezwa sababu, maana Dastan alikuwa amepata tena maneno yake. Lakini mchana haukuwa umeingia vizuri naye akavuta kigoda, akachukua kisu. "Nikusaidie kidogo tu," alisema. "Nina njaa, nawe unamenya kama kobe."

Baada ya chakula walijazana chumbani kwa Bibi. Sakafu ilikuwa imetandikwa nyasi laini za rweya, kama desturi ya nyumba za zamani, zikinukia vizuri. Zilikuwa zilezile za Alistidia, zilizochaguliwa zilizo safi, za kubadilishwa kila zikichakaa. Zilizobaki Baba alizitandaza kwenye mibuni. Bibi aliketi kitandani na rozari yake, akaanza kusali nao wakaitikia.

Katikati ya fumbo la pili, migomba ya nje iliinama. Wajomba wakageukia dirishani, wakatazamana, wakasahau kuitikia.

"Mmenyamaza nini?" Bibi aliuliza. "Mmeshiba mpaka mmesahau sala?"

"Mama, tunaitazama mvua," alijibu Baba.

"Mvua gani?"

Dirishani maji yalikuwa yakimwagika kama yanamwagwa kwa ndoo. Juu ya vichwa vyao kulikuwa na mnong'ono tu, kama wa mtu anayepepeta nafaka nyumba ya pili. Bibi alitega sikio, akainua macho darini, na uso wake wote ukacheka. Kisha akaipapasa rozari yake kwa kidole.

"Punje ya nne," alisema. "Sijapotea."

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko na vigelegele. Bibi alimvuta Alistidia akae karibu naye, akazigusa zile nyasi za sakafuni kwa ncha ya mguu wake.

"Sikilizeni, nanyi watoto wengine. Nyasi hizi si mbaya, na pumba si takataka. Kila kimoja kina mahali pake, na mwenye akili hukijaribu kwanza kabla ya kukipandisha juu ya kichwa cha mtu. Lakini uongo nimeutafutia mahali katika nyumba hii mpya, juu ya dari na chini sakafuni. Sikupaona."

Akavishika viganja vyeusi vya mjukuu wake, akavitazama vizuri, wala hakuogopa utomvu kumshika.

"Haya, tuendelee. Punje ya tano. Anayeanzisha ni Alistidia, maana sasa namsikia vizuri."